Kupima mgongano kwa mipira miwili ya kuning'inia: momentamu, nishati na msukumo

Ning'iniza mpira wa gramu 160 kwa uzi, uvute sentimita 20 kutoka mahali unapotulia, kisha uuachie ugonge mwenzake wa gramu 165 uliobandikwa donge la unga wa chapati. Inanata, inapanda pamoja upande wa pili. Itafika sentimita ngapi? Anayeshika kanuni ya nishati tangu mwanzo hadi mwisho anapata 14. Anayetumia momentamu pale mahali pa kugongana anapata chini kidogo ya 10. Hapa hakuna haja ya kubishana, maana tofauti ya sentimita 4 inaonekana hata kwa rula ya mwanafunzi.

Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kufunga kifaa hicho, kukipima, na kutoa hesabu zote tatu kutokana na vipimo hivyohivyo. Darasa la fizikia lisilo na maabara linaweza kukitengeneza kwa alasiri moja.

Kwanza tuelewane maneno

Momentamu ni tungamo mara kasi, na ina mwelekeo. Chagua upande mmoja uwe chanya, tuseme kulia, na kushoto kuwe hasi, kisha usibadilishe katikati ya hesabu. Msukumo ni kani mara muda ambao kani hiyo inafanya kazi, nao ni sawa kabisa na badiliko la momentamu. Nishati ya mwendo ni nusu ya tungamo mara kasi mraba, na haina mwelekeo.

Mpira A unapogonga mpira B, kani ya A juu ya B ni sawa na ya B juu ya A, ila zinaelekea pande tofauti. Muda wa kugusana nao ni mmoja kwa wote wawili. Kani ileile kwa muda uleule ni msukumo uleule, kwa hiyo momentamu anayoipoteza A ndiyo anayoipata B, iwe mipira ni ya chuma au ya unga.

Nishati haina dhamana hiyo, na sababu yake huwa haielezwi vya kutosha. Kazi ni kani mara umbali, si kani mara muda. Wakati mipira imegusana na kubonyeana, A husafiri umbali mkubwa kidogo kuliko B, kwa kuwa pale kati pamebonyea. Hivyo kazi inayomtoka A ni kubwa kuliko inayomfikia B. Kilichozidi kimeingia kwenye kule kubonyea. Kama kitu kilichobonyea kinajirudi chote, nishati hiyo inarudishwa, na huo ndio mgongano nyumbufu. Kama hakijirudi, au kinajirudi nusunusu, nishati hiyo imegeuka joto, sauti na umbo jipya. Huo ni mgongano usio nyumbufu. Ukishika jambo hili, hutachanganya tena kanuni hizi mbili.

Vifaa

Unahitaji mipira miwili migumu inayolingana. Ya mchezo wa puli inafaa sana, hata ikiwa chakavu, mradi haina ufa. Mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja, mshipi wa kuvulia samaki mita 6 hivi, klipu mbili za karatasi, gundi ya epoksi ya mirija miwili, kipande cha msasa, boriti ya mbao ya inchi 2 kwa 2 yenye urefu wa mita moja, misumari minane midogo, rula mbili za sentimita 30 na simu yenye kamera. Unga wa ngano utauhitaji baadaye.

Kata kila klipu uipinde iwe pete ndogo yenye miguu miwili. Kwaruza sehemu ya juu ya mpira kwa msasa hadi ule mng'ao utoke, ndipo uibandike pete kwa epoksi. Ukiruka hatua ya msasa, pete itang'oka mgongano wa kumi, tena mara nyingi huanza kulegea kabla ya kung'oka, na majibu yako yanaharibika bila wewe kujua. Acha gundi usiku kucha. Pima mipira ikiwa na pete zake.

Kufunga

Laza boriti juu ya meza mbili zilizoachana, uikandamize kila upande kwa kitu kizito, kama ndoo ya maji. Boriti ikicheza, sehemu ya momentamu inaingia mezani na hutaiona kwenye rula. Igonge kwa ngumi: ukiona mipira imetikisika, ongeza uzito.

Kila mpira uning'inie kwa nyuzi mbili zinazofanya umbo la V, nyuzi hizo zikiwa zimeachana juu sentimita 20 hadi 25 kwa kukingama upana wa boriti. Kwa kuwa boriti ya inchi 2 ni nyembamba mno kwa hilo, pigilia vipande viwili vya mbao kama mabawa, ufunge nyuzi nchani. Uzi mmoja hauwezi kukufaa, kwa sababu mpira utakwenda kwa kuzunguka na kugonga mwenzake ubavuni. V inaulazimisha kwenda na kurudi kwenye mstari mmoja.

Urefu wa wima kutoka boriti hadi kitovu cha mpira uwe mita 1. Ukipima kwa timazi utapata usahihi mzuri. Vitovu vya mipira miwili viwe kwenye kimo kimoja, tofauti isizidi milimita 1. Umbali kati ya jozi ya nyuzi za A na jozi ya B uwe sawa na upana wa mpira mmoja, ili mipira ikitulia igusane tu bila kuegemeana. Pitisha karatasi nyembamba katikati: inatakiwa ipite kwa kukwaruza kidogo. Mipira ikiegemeana, A inamkuta B kabla ya kufika chini kabisa na kasi yake bado haijatimia. Ikiachana milimita kadhaa, A inapita chini na kuanza kupanda kabla ya kugonga.

Kwa nini sentimita zinatosha

Huna haja ya saa wala kifaa cha kupima kasi. Mpira ulioning'inia kwa uzi wa urefu L, ukivutwa umbali c, unafika chini ukiwa na kasi sawa na c mara kipeuo cha pili cha g gawanya kwa L, g ikiwa mchapuko wa mvutano wa dunia. Kwa uzi wa mita 1 na g ya 9.8, hiyo ni c mara 3.13. Sentimita 20 zinakupa 0.626 m/s. Kanuni hiyo inafanya kazi pia kwa kurudi nyuma: ukijua mpira ulipanda hadi sentimita ngapi baada ya kugongwa, umeshaijua kasi iliyoondoka nayo.

Kwa usahihi kamili, c ni mstari ulionyooka kutoka mahali pa kutulia hadi mahali pa kuachia, mstari ambao unapanda kidogo. Ila ukipima kwa ulalo tu na usipozidi sentimita 30, kosa halifiki asilimia 2. Ndiyo maana tunavuta 20 badala ya 50.

Kwa kuwa nyuzi zote zina urefu mmoja, unaweza kuziacha kasi kwenye sentimita. Momentamu ni gramu mara sentimita, na nishati inakwenda kwa gramu mara sentimita mraba. Vizio halisi utavirudisha mwishoni ukivihitaji.

Hii si njia mpya. Isaac Newton aliieleza katika kitabu chake cha 1687, akitumia nyuzi za futi 10. Alipata kwamba mipira ya sufu iliyokazwa inaachana kwa kasi ya 5 ikiwa imekaribiana kwa 9, na ya kioo inaachana kwa 15 ikiwa imekaribiana kwa 16. Uwiano huo ndio tutakaoupima.

Mgongano wa kwanza: mpira kwa mpira

1. Panga rula mbili chini ya mipira, moja kila upande, sifuri ya kila rula ikiwa chini ya kitovu cha mpira wake unapotulia.

2. Weka simu mita 2 mbele, kimo sawa na mipira, na urekodi kwa mwendo wa polepole. Simu ikikaa karibu au juu, macho yake yanaangalia rula kwa mshazari na masomo yanazidi.

3. Funga uzi wa pamba kwenye pete ya A, uuvute hadi sentimita 20.0, ufunge mwisho wa pili kwenye msumari. Subiri mipira yote itulie tuli. Choma uzi kwa kiberiti. Mkono unaoachia mpira huwa unausukuma au kuuzungusha kidogo, hata wa mtu makini.

4. Soma mahali B ilipofika safari ya kwanza, na mahali A ilipofika. Idake B kwa mkono ikiwa juu kabisa, maana ikirudi itamgonga A mara ya pili na kukuvuruga.

5. Rudia mara sita, uache la kwanza, uchukue wastani wa matano.

Tuchukue mfano wa hesabu: mipira yote gramu 160, A ilivutwa 20, B ikafika 19, A ikasogea mbele 1. Momentamu ya mwanzo ni 160 × 20 = 3200. Ya mwisho ni 160 × 19 + 160 × 1 = 3200. Nishati ya mwanzo inakwenda kwa 20 × 20 = 400, ya mwisho kwa 361 + 1 = 362. Momentamu haikupungua hata kidogo, nishati imebaki asilimia 90.5. Uwiano wa Newton ni kasi ya kuachana gawanya kwa kasi ya kukaribiana: (19 − 1) ÷ 20 = 0.9.

Ingekuwa nyumbufu kamili, A ingesimama kabisa na B ingeondoka na 20 zote. Kwa vitu vya mkononi hilo halitokei, kwa hiyo anayekuandikia majibu ya 20 na 0 mara tano mfululizo hakupima.

Wachezaji wa puli watasema wameuona mpira mweupe ukigonga na kuendelea mbele, mbali kuliko hii sentimita 1. Ni kweli, lakini kule mpira unabingirika. Mgongano unauhamisha mwendo wa mbele, mzunguko unabaki, na kitambaa cha meza kinaugeuza mzunguko huo kuwa mwendo tena. Ndiyo sababu tunaning'iniza badala ya kubingirisha. Mpira mzima unaobingirika bila kuteleza huweka sehemu 2 kati ya 7 za nishati yake kwenye mzunguko, na anayesahau hilo hukuta nishati "imepotea" kabla hata ya kugongana.

Mgongano wa pili: donge la unga

Kanda unga na maji kidogo, bila mafuta, uwe mgumu kuliko wa maandazi lakini unanata. Gramu 5 zinatosha. Lisambaze liwe kama sarafu, ulibandike kwenye B pale panapogongwa, kisha usogeze nyuzi za B nje kwa unene wa unga huo ili mipira iguse tu. Pima B upya: 165. Panga rula upya pia, maana sifuri imehama.

Ukiachia A kutoka 20, momentamu inasema 160 × 20 = 325 × c, hivyo c ni 9.8. Kanuni ya nishati, kama ingehifadhiwa, inasema c ingekuwa 14.0. Soma rula. Ukipata kati ya 9.4 na 10, kazi yako ni nzuri.

Nishati iliyobaki ni 160 ÷ 325, yaani asilimia 49. Zaidi ya nusu imetoweka kwenye mwendo, wakati momentamu iko yote. Kwa jouli, A ilianza na 0.0314 na mipira iliyonata imebaki na 0.0154. Tofauti ya jouli 0.016 iliukanda unga na kuupasha joto, ila usihangaike na kipimajoto: kwa gramu 5 za unga ni kama sehemu moja ya elfu ya nyuzijoto moja.

Mipira ikinata kisha ikaachana wakati wa kupanda, unga umekauka; nyunyiza tone la maji. Ikinata huku ikiyumba ubavuni, ilikutana mshazari, na sehemu ya mwendo haisomeki kwenye rula. Jumla ikizidi ile ya mwanzo, tazama mkono ulioachia na mahali simu ilipo. Jumla ikipungua kila mara kwa kiasi kilekile, tazama boriti.

Hesabu za mitihani za aina hii hukosewa mahali pamoja. Risasi inaingia kwenye gogo lililoning'inizwa, gogo linapanda; mwanafunzi anasawazisha nishati ya risasi na nishati ya kimo cha gogo moja kwa moja. Zigawe hatua tatu, kila moja na kanuni yake. Kushuka kwa A: nishati (kwenye risasi na gogo hatua hii haipo). Kugongana: momentamu peke yake. Kupanda baada ya kunata: nishati tena, lakini ukianza na ile iliyobaki. Mwingereza Benjamin Robins alipima kasi za risasi kwa gogo la namna hii, akachapisha mwaka 1742, na mgawanyo huo ndio uliomwezesha.

Mpira mwepesi kwa mzito: alama ya kutoa

Weka A ya gramu 80 na B ya 160, urekebishe nyuzi ili vitovu vilingane. Hapa A itarudi nyuma. Tuseme B ilifika 12 na A ikarudi 4. Ukijumlisha 80 × 4 + 160 × 12 unapata 2240, wakati mwanzo ulikuwa 80 × 20 = 1600. Hakuna momentamu iliyozaliwa; A inakwenda upande hasi, kwa hiyo ni −320 + 1920 = 1600. Kasi ya kuachana nayo ni 12 + 4 = 16, si 12 − 4, na uwiano ni 0.8. Nishati haijali mwelekeo: 80 × 16 + 160 × 144 = 24,320, dhidi ya 32,000 za mwanzo. Imebaki asilimia 76.

Kutoka momentamu hadi kani

Rudi kwenye mgongano wa kwanza. B iliondoka na sentimita 19, yaani 0.595 m/s, hivyo ilipokea msukumo wa 0.16 × 0.595, ambao ni nyutoni-sekunde 0.095. Mipira migumu kama hii hugusana kwa chini ya mili-sekunde moja. Kani ya wastani basi imezidi nyutoni 95, zaidi ya mara 60 ya uzito wa mpira wenyewe. Simu ya picha 240 kwa sekunde haiwezi kuuona muda huo, kwani picha moja yake ni zaidi ya mili-sekunde 4.

Ukibandika sponji ya godoro ya unene wa sentimita 3 kwenye B, simu itaona. Hesabu picha ambazo A imegusa sponji, uzigawe kwa 240. Picha 6 ni sekunde 0.025. Msukumo ukiwa 0.08, kani ya wastani ni nyutoni 3.2. Msukumo umekaribia uleule, kani imeanguka kutoka zaidi ya nyutoni 95 hadi tatu, kwa sababu ya muda peke yake.

Kofia ya bodaboda ni hesabu hii. Kichwa kikianguka kutoka mita 1.5 na kusimama ndani ya sentimita 2, kani ya wastani ya kukisimamisha ni kama mara 75 ya uzito wake, kwani kazi ya kukisimamisha, kani mara umbali, inalingana na nishati ya kuanguka, na 1.5 ÷ 0.02 ni 75. Kikisimama ndani ya milimita 2 kwenye lami, ni mara 750. Zile sentimita 2 zinatoka kwenye povu jeupe gumu, la aina inayofungia televisheni kwenye maboksi, na linafanya kazi kwa kupondeka bila kurudi. Povu linalojirudi upesi lingekirusha kichwa nyuma, badiliko la momentamu likawa kubwa zaidi, na msukumo nao.

Unaponunua, funua kitambaa cha ndani ubonyeze kwa kidole gumba. Sponji laini inayorudi yenyewe ni ya starehe. Chini yake lazima kuwe na lile povu gumu, kote, hadi kwenye paji na kisogo. Kofia iliyokwisha kupigwa kwa nguvu hata mara moja ibadilishwe, japo gamba la nje halina mkwaruzo. Povu lililopondeka halina tena sentimita za kutoa.